Risiti ya Maksai Mwekundu

Mkiajiriwa ofisi ya wakili, wanangu, kabla ya kununua kalamu ya kujionyesha nunueni sindano ya kushonea majalada. Najua mtacheka. Siku hizi shauri linafunguliwa kwenye mfumo, karani anabonyeza, kontroli namba ya kulipia inakuja kwenye simu, na jalada zima linakaa ndani ya kompyuta. Sawa. Lakini mteja wako bado anatoka Nyarugusu na mfuko wa rambo, na ndani ya ule mfuko kuna karatasi zilizolowa jasho, nyingine zilishawahi kufungia ugoro, na hizo ndizo kesi yenyewe. Mfumo hauzijui mpaka wewe uziingize.

Mimi ni Mama Zuhura. Nilianzia kazi Shinyanga mjini nikiwa binti wa kupiga chapa, nikamalizia hapa Geita, Kalangalala, nikiwa bibi wa miwani miwili. Nimeandika rufaa za wezi wa kweli na za wezi wa kusingiziwa. Na sijivuni bure nikisema kwamba kwa kuandika hati ya gharama hapakuwa na karani wa kunishinda kuanzia huku mpaka Kahama. Anayetaka kubisha aje na ushahidi, nipo nyumbani.

Kwanza nieleze hiyo hati ya gharama, maana hata vijana wenye digrii huwachanganya. Watu wengi hudhani ukishinda rufaa ya jinai, basi kila ulichotumia unarudishiwa. Hurudishiwi. Jamhuri ikikushtaki ukaishinda, unamshukuru Mungu, unafunga mkanda, unarudi nyumbani. Ila ipo njia nyembamba. Kama aliyekupeleka mahakama ya mwanzo ni mtu binafsi, na mahakama iliyosikiliza rufaa ikaona alipeleka uongo hali akijua ni uongo, inaweza kumwamuru akulipe gharama zako. Ni jambo la nadra. Ukilipata, lishike kwa mikono miwili, halafu uhesabu siku sitini, maana ndani ya siku hizo hati yako lazima iwe imeshafika mahakamani.

Hizo siku sitini ziliwahi kunitoa machozi. Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara wa mpunga wa Kahama aliyeshinda shauri lake na kupewa gharama. Mimi nikahesabu siku kuanzia tulipopata nakala ya hukumu, badala ya siku amri ilipotolewa. Tukafika tumechelewa kwa siku mbili. Yule mzee hakunigombeza, alivaa tu kofia yake akaniambia, "Haya mwanangu, ndiyo kujifunza," na mimi nikajifungia chooni nikalia. Tangu hapo nimekuwa nikizihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, na kila asubuhi nazihesabu tena. Wakili wangu alikuwa akiniita mwenda wazimu wa kalenda, nami nilikuwa sijali.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Masalu, karani wa zamani wa Shinyanga, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa akivaa soksi nyeupe kila siku ya Mungu. Enzi zake nakala zilitoka kwa karatasi ya kaboni, vidole vyote vyeusi. Alikuwa na msemo mmoja tu na aliusema mpaka tukauchoka: kila karatasi ina pacha wake. Ukilipa mahakamani unapewa risiti, lakini kitabu kinabaki na pacha wa ile risiti. Ukisafirisha mzigo, ukiuza ng'ombe mnadani, ukizika mtu, popote palipo na mhuri kuna karatasi mbili, moja umeondoka nayo na moja imelala kwenye kabati la mtu. Karani mvivu akipoteza karatasi hulia. Karani mwenye akili humtafuta pacha.

Mzee Masalu alikuwa na jambo lingine alilolichukia kuliko uvivu, nalo ni kurudisha tarehe nyuma. Mwenzetu mmoja pale ofisini alisahau kumwandikia mteja risiti, naye alipoona shauri la gharama limefika akachukua kitabu cha zamani, akajaza risiti safi kabisa kwa tarehe ya mwaka uliopita. Wakili wa upande wa pili hakubishana naye. Aliomba kalenda tu. Tarehe ile ilikuwa siku ya Idi, ofisi imefungwa, na yule mwenzetu mwenyewe, Mwislamu safi, alikuwa msikitini na kanzu yake mpya. Gharama zote zikatupwa, za kweli na za uongo pamoja. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini Mzee Masalu hakucheka. Alisema mteja amepoteza haki yake kwa ajili ya wino wa mtu mmoja.

Yote hayo nimeyaeleza ili mjue nilikuwa na mafunzo gani kichwani siku Mama Kulwa aliponiambia alichokifanya.

Mama Kulwa alikuwa mjane, Msukuma wa kijiji kimoja njia ya kwenda Kahama. Kulwa na Dotto ni mabinti zake mapacha, walikuwa wameolewa mbali. Aliyewafuata ni Shija, kama ilivyo desturi anayefuata mapacha kuitwa Shija, na huyo ndiye aliyebaki naye nyumbani. Walilima kwa plau iliyokokotwa na maksai wawili, mmoja mwekundu, mmoja mweupe, ambao marehemu mumewe aliwafundisha kazi kwa mkono wake kabla hajafa. Masika yalipoisha Shija alikwenda Nyarugusu kufanya kibarua kwenye karasha, ule mtambo wa kusagia mawe ya dhahabu. Mwenye karasha akamsingizia kwamba ameiba mifuko mitatu ya mawe. Sababu ya kweli ni kwamba Shija alikuwa amedai ujira wake mbele za watu, na tajiri akaona amevunjiwa heshima.

Mahakama ya mwanzo ilimpa Shija miezi kumi na miwili. Mama yake akaja kwetu siku ya Jumamosi, kwa miguu na kwa lifti za malori, na hakuja na mfuko wa rambo peke yake. Alikuja na maksai mwekundu mwenyewe, akamfunga kwenye nguzo ya bango la ofisi. Yule mnyama akala maua yote ya mama mwenye nyumba. Wakili akatoka nje, akatazama, akaniuliza kwa macho, nami nikamwambia wazi kwamba mama hana kingine. Wakakubaliana pale pale barazani kwamba maksai ndiye ada ya rufaa. Kabla ya saa saba mwenye bucha alikuwa ameshamchukua.

Nami risiti sikuandika. Naliandika hili bila kujificha kwa sababu nataka mlisome vizuri. Nilisema nitaandika Jumatatu, kwani sikujua niandike ng'ombe au niandike fedha. Jumatatu ikaja na mashauri matatu ya kupeleka mahakamani, Jumanne ikaja na yake, na maksai mwekundu akapotea kichwani mwangu.

Rufaa yenyewe tulishinda, na tulishinda kwa pacha. Karasha lolote lina daftari la kuandika mifuko inayoingia na mwenye mzigo. Tuliomba daftari lile liletwe mahakama ya wilaya, na ile mifuko mitatu iliyosemwa imeibwa ikakutwa imeandikwa kwamba ilisagwa kesho ya siku ya huo wizi, pale pale, na mwenye karasha ametia sahihi yake chini. Hakimu alisoma ukurasa ule mara mbili. Shija akaachiwa akiwa ameshakaa ndani miezi saba, na hakimu akaamuru mwenye karasha alipe gharama za rufaa kwa kuleta mashtaka ya uongo kwa makusudi.

Pale mlangoni nilimwambia Mama Kulwa aniletee karatasi zake zote za malipo wiki ijayo. Nilimwambia pia kwa nini. Kwa kuwa maksai mweupe naye alikuwa ameuzwa mnadani kulipia nakala za mwenendo wa shauri, nauli na chakula cha gerezani, zizi lao lilikuwa tupu. Huo ulikuwa mwezi wa nane. Mvua zikianza bila maksai, wangelima kwa jembe la mkono eneo la kutosha kula miezi minne, na baada ya hapo wangeanza kuombaomba. Gharama zile ndizo plau yao. Alinielewa vizuri kabisa, akanijibu, "Wabeja, mayu," ndiyo asante, mama, kwa Kisukuma, wakaondoka na mwanawe wameshikana mikono kama watoto.

Wiki hiyo hakuja, wala ile iliyofuata. Alifika siku ya thelathini na nane, mimi nikiwa nimechoka kuitazama kalenda. Akanisalimu, akakaa, akaweka mikono juu ya mapaja. Nikamuuliza karatasi ziko wapi.

"Tumezichoma, mayu," akasema.

"Zote?"

"Zote. Mkosi ukiuachia mkia, unarudi."

Kwao, mtu akitoka gerezani haingii ndani ya nyumba na nguo alizotoka nazo. Shangazi yake humwogesha maji ya dawa pale pembeni ya boma, na nguo zile zinachomwa. Walipowasha moto, shangazi akauliza kama kuna kitu kingine kinachonuka kesi humu nyumbani, na Mama Kulwa akakimbia ndani kuleta ule mfuko wa rambo. Nilikuwa nimemwambia mimi mwenyewe alete karatasi, naye alikuwa amekusudia kuleta. Lakini mbele ya moto ule, na mwanawe akitetemeka uchi kwa baridi ya maji, aliona heri akose fedha kuliko kesi imrudie. Je, ningemlaumu? Nina mtoto mimi.

Halafu nikamweleza maneno ya Mzee Masalu, kwamba kila karatasi ina pacha wake. Kwa mama wa mapacha sikuhitaji kuyafafanua. Akageuza shingo, akatema mate pembeni kufukuza ubaya, kisha akaniambia, "Basi Kulwa ameungua. Tumtafute Dotto."

Kumtafuta Dotto ndiyo kazi ninayotaka mjifunze. Niliandika kila mahali palipogongwa mhuri tangu Shija akamatwe. Malipo ya nakala za mwenendo yalikuwamo kwenye kitabu cha mahakama, nikaomba uthibitisho nikapata. Ushuru wa kumuuza maksai mweupe ulikuwa kwenye kitabu cha mnada, pamoja na bei yake. Tiketi za basi hazikuwa na pacha, maana wenye mabasi wetu mnawajua, nikapata mbili tu. Mama Kulwa alitaka niandike pia mbuzi aliyepewa mganga wa kulainisha moyo wa hakimu. Nikamwambia mganga hana mashine ya risiti. Akasema lakini moyo ulilainika. Nikamjibu kwamba ndiyo maana hatuwezi kuliandika jambo hilo, hakimu atataka kujua.

Nilipofika kwenye ada ya wakili, ndipo nikamkumbuka maksai mwekundu. Jambo kubwa kuliko yote katika hati nzima lilikuwa halina karatasi, na safari hii hakuna moto wa kuulaumu. Nilifungua kabati nikachukua kitabu cha risiti cha mwezi ule, na Mungu ni shahidi, kulikuwa na jani moja tupu katikati, nililoliruka kwa sababu kurasa zilishikana. Jani lile lilinitazama. Wakili naye alikuwa amesimama mlangoni, na alielewa bila kuambiwa. Hakusema andika, wala hakusema usiandike. Alirudi chumbani kwake akafunga mlango taratibu.

Nilishika kalamu. Msiniulize kwa muda gani. Nilifikiri juu ya lile zizi tupu, nikajiambia kwamba maksai alikuja kweli, maua yaliliwa kweli, kwa hiyo risiti ile isingekuwa uongo hasa. Kisha nikamwona Mzee Masalu na soksi zake nyeupe. Nikalipiga lile jani mstari mkubwa wa msalaba, nikaandika "halikutumika", nikatia sahihi na tarehe ya siku ile. Nikishafanya hivyo, hata nikitaka kuwa mjinga siwezi tena.

Nikarudi kwa Mama Kulwa nikamuuliza, yule mnyama alitoka kijijini vipi? Akanishangaa. Ng'ombe atatoka vipi bila kibali cha mtendaji, mayu, si angekamatwa njiani akiitwa mwizi?

Kesho yake tulikuwa juu ya pikipiki moja, yeye katikati, mimi nyuma, vumbi mpaka kwenye meno. Mtendaji wa kijiji alikuwa mwanamume mpole mwenye maandishi mazuri. Akatuongoza stoo, tukahamisha magunia ya mbegu na viti vibovu, tukakuta vitabu vya vibali vimepangwa kwa miaka. Mchwa walikuwa wametangulia. Kitabu cha mwaka ule kilikuwa kimeliwa kona ya juu, kimetobolewa kama kichungi. Alikifungua jani kwa jani huku Mama Kulwa ameshika kifua, asiyejua kusoma lakini anatazama kila jani kama anayejua. Mtendaji akasimama kwenye ukurasa mmoja, akatusomea kwa sauti. Maksai mmoja, mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika ncha. Mwenye mali, mama wa Shija. Anapelekwa Geita mjini. Sababu, kumlipa wakili kwa rufaa ya mtoto.

Nilimuuliza kwa nini aliandika mpaka sababu, maana kisheria pengine isingehitajika. Akasema, "Ng'ombe akitoka hapa bila sababu, kesho nitalala ndani mimi." Nilitamani kumbusu paji la uso. Nawaambia hivi, mkimpata mtumishi anayeandika sababu, mleteeni hata soda, na mheshimuni kuliko waziri.

Jani lile hatukulichana, na ninyi msije mkachana jani la kitabu cha watu hata kama mnaona haraka. Ukilichana umeshaua pacha wa pili. Tulipata nakala yenye mhuri, na mtendaji akaahidi kuja na kitabu chenyewe siku ya kusikilizwa.

Bado lilibaki pengo moja. Kibali kilionyesha maksai alikwenda kwa wakili, hakikuonyesha kwamba alifika. Wa kulisema hilo ni aliyempokea, yaani mimi, kwa kiapo, na kuapa huko ni kukiri kwamba ofisi yetu ilipokea malipo bila risiti. Wakili aliposoma hati yangu ya kiapo alivua miwani. Alisema watu wa kodi watakuja kunywa chai hapa kwetu. Nikamjibu kwamba wakija nitawapikia, na faini ikija aikate kwenye mshahara wangu, lakini yule mama hatapoteza plau kwa ajili ya usahaulifu wangu. Nilikuwa nimeshazoea kumheshimu mtu yule, na siku ile nilimsemesha kama mwanangu. Akavaa tena miwani, akaniambia nimekosea tahajia kwenye aya ya tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake. Tukapeleka hati siku ya hamsini na mbili.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa mwenye karasha, kijana mmoja wa suti ya kubana, aliomba nihojiwe juu ya kiapo changu. Nikapanda kizimbani. Akaniuliza kwa nini sikuandika risiti.

"Nilisahau," nikasema. "Kosa ni langu, si la mama huyu."

Akageuka kwa hakimu, akanigeukia tena, na sauti yake ikawa tamu. "Na mahakama itajuaje kwamba habari hii ya maksai hukuibuni jana?"

"Mwanangu," nikamwambia, "ningekuwa mbunifu ningekuja na risiti."

Watu wakacheka. Hakimu akainamia karatasi zake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtendaji akaleta kitabu chake kilichofungwa kwenye khanga, kikasomwa pamoja na mchwa wake wote, na yule kijana hakuwa na swali jingine. Wiki mbili baadaye uamuzi ukatoka. Maksai mwekundu alikubaliwa kwa bei ya mwenzake mweupe iliyokuwa kwenye kitabu cha mnada. Nakala zikakubaliwa. Nauli zikakubaliwa zile zenye tiketi. Wakili wetu alionywa kwa maneno makali kuhusu risiti, na yale maneno makali niliyapokea mimi moyoni, nikaona ni halali yangu.

Nilipomtafsiria Mama Kulwa uamuzi huo kwa Kisukuma changu kibovu, alifurahi, akanishika mikono. Kisha akaniuliza miezi saba ya Shija imeandikwa wapi kwenye hesabu hiyo. Nikamwambia haimo. Hati ya gharama hurudisha kilicholipwa, haina mahali pa kuandika usiku wa gerezani. Hayo yangehitaji kesi nyingine ya madai, ndefu, na tungeweza kushindwa. Akatafakari, akasema hawataki kesi nyingine, mvua ziko karibu.

Mwenye karasha alijifanya kiziwi wiki tatu. Tukamtuma dalali wa mahakama na amri ya kukamata mota ya mtambo wake. Dalali hakuwa hata amemaliza kuishusha ile mota, tajiri akapata usikivu, akalipa siku ile ile. Mvua za kwanza zilikuta maksai wawili wapya kwenye zizi la Mama Kulwa. Shija alimpa mmoja jina la Rufaa. Nasikia ni mbishi, lakini anavuta.

Baada ya kupanda, Mama Kulwa alikuja mjini. Alinibebea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mfuko mzima, nami nikamwekea chai. Nilidhani amekuja kunisalimu. Alipomaliza kikombe akakigeuza juu ya sahani, akasema kwa heshima yake yote, "Mayu, nimekuja kuchukua risiti ya yule mwekundu."

Sikucheka. Nilichukua kitabu kipya, nikaweka tarehe ya siku ile, si nyingine, nikaandika kwamba nimepokea maksai mmoja mwekundu, pembe ya kushoto imevunjika ncha, kuwa ada ya rufaa ya Shija, na kwamba alipokelewa siku nyingi zilizopita na risiti imecheleweshwa na mimi. Nikagonga mhuri. Akaniomba nimsomee, nikamsomea, akaniomba tena, nikamsomea tena mpaka mwisho. Kisha akaikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya khanga yake, akakaza fundo kwa meno.

"Hii hatuichomi," akasema.